Msiufunge Mkono wa Mpiga Kinanda

Katika kwaya zetu za huku milimani, kuanzia Muyama mpaka Kasulu mjini na kusonga mbele hadi Kibondo, umeingia mtindo ambao kwa maoni yangu ni mbaya, na kwa kuwa sijaona mtu aliyeupinga kwa maandishi, nimeona niupinge mimi. Mtindo wenyewe ni huu. Kinanda cha umeme kikishanunuliwa, kazi ya kwanza ya mwalimu wa kwaya ni kufunga kile ambacho vijana wanakiita "tachi", yaani uwezo wa kinanda kutambua kama kidole kimegusa taratibu au kimegonga kwa nguvu. Tachi ikishafungwa, kila noti inatoka kwa sauti ileile. Mtoto wa miaka tisa akigusa kwa kidole chake cha mwisho, na seremala akigonga kwa nguvu zake zote, kinanda kinawajibu sawasawa. Watu husifu wakisema, "Sasa sauti imetulia." Mimi nasema haikutulia, imezibwa mdomo.

Nataka nieleweke tangu mwanzo. Sisemi kwamba tachi isifungwe kamwe. Ziko nyakati ambapo kuifunga ni haki, nami nitazitaja. Ninalolipinga ni kuifunga kwa uvivu wa kuirekebisha, na zaidi ya hapo, kuwafukuza vijana kwenye kinanda kwa kosa ambalo si la mikono yao.

Mimi si fundi wa redio. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikamaliza utumishi wangu nikiwa mwalimu mkuu. Muziki nilifundishwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kinanda cha kukanyaga na ubao wa do-re-mi. Lakini kusoma najua, na kila kinanda cha umeme huja na kitabu chake cha maelekezo, ambacho aghalabu hubaki ndani ya boksi kikiliwa na mchwa. Humo ndimo nilimojifunza haya ninayoyaeleza, pamoja na kukaa mbele ya vinanda vyenyewe na kujaribu.

Tachi hufanya kazi hivi. Chini ya kila kibonyezo, cheupe au cheusi, kuna swichi mbili za mpira zilizopangwa ili moja ifunge kabla ya nyingine. Kidole kikishuka, ya kwanza inafunga, kisha ya pili. Kompyuta ndogo iliyomo ndani hupima muda uliopita kati ya hizo mbili. Muda ukiwa mrefu, kinanda kinajua kwamba kidole kimeshuka polepole, na sauti inatoka ndogo na laini. Muda ukiwa mfupi, kinajua kwamba kidole kimekuja kwa kasi, na sauti inatoka kubwa na kali. Vinanda vingine vya bei kubwa vina swichi tatu ili vipime vizuri zaidi.

Msomaji azingatie neno moja hapo: kasi. Kinanda hakipimi uzito wa mkono. Hakijui kama mpigaji ni mnene au mwembamba, wala kama asubuhi alishika kalamu au alishika jembe. Kinapima kasi ya kidole tu. Mtu mwenye mkono mpana kama sahani aweza kukifanya kinong'one, na binti mwenye vidole kama njiti aweza kukifanya kipige kelele. Ugomvi mwingi ninaousikia kwenye kwaya unatokana na kutolijua jambo hili moja.

Kasi hiyo huandikwa kwa namba. Mwaka 1983 makampuni yanayotengeneza vyombo vya muziki vya umeme yalianza kutumia lugha moja ya mawasiliano kati ya vyombo hivyo, nayo inaitwa Midi. Katika lugha hiyo kila noti inayopigwa hupewa namba ya kasi kuanzia 1 hadi 127, na sifuri ni kunyamaza. Kanuni yake inasema kwamba kinanda kisichoweza kupima kasi kitume namba 64 kwa kila noti. Mimi kama mwalimu namba hiyo ilinishtua. Hebu fikirini mwalimu anayesahihisha madaftari ya darasa zima na kumwandikia kila mtoto 64, aliyefanya vizuri 64, aliyekosea 64, aliyelala 64. Mkaguzi wa elimu angemwandika nini? Hata hivyo ndivyo tunavyokifanyia kinanda kila Jumapili, halafu tunashangaa kwa nini vijana wetu hawaendelei.

Tena tunakuwa tumerudi nyuma kwa gharama kubwa. Kabla ya mwaka 1700 huko Ulaya kulikuwa na kinanda cha nyuzi ambacho nyuzi zake zilikwanyuliwa. Mpigaji akigusa kwa upole au kwa hasira, sauti ilikuwa karibu ileile. Ndipo fundi mmoja wa Florence, Italia, aitwaye Bartolomeo Cristofori, mtunza vyombo vya muziki wa ukoo wa Medici, alipobuni kinanda chenye nyundo ndogo zinazogonga nyuzi, ili sauti ifuate mkono. Wenyewe wakakiita kinanda chenye "piano" na "forte", maana yake taratibu na kwa nguvu. Jina likafupishwa, tukabakiwa na "piano". Kwa hiyo jina lenyewe la chombo linatangaza tachi. Mtu anayechagua sauti ya piano kwenye kinanda cha umeme kisha akaifunga tachi, amenunua kitu na kukitupa palepale dukani.

Wala hatuna haja ya kwenda Italia kulijua jambo hili. Sisi Waha tuna ngoma. Mpiga ngoma hodari wa huku kwetu, kwa mikono yake miwili, anaweza kuifanya ngoma iite, iombe, ionye na ifurahi. Hakuna ngoma yenye swichi ya kumfanya mpigaji hodari na mpigaji goigoi wasikike sawa. Angetokea mtu wa kuileta swichi hiyo katika arusi ya Muyama, angefukuzwa kabla pombe haijaisha.

Sasa nije kwenye marekebisho yenyewe, maana hapa ndipo uvivu unapojificha. Watengenezaji wanajua kwamba mikono ya watu haifanani, kwa hiyo wameweka daraja mbalimbali za tachi. Kwenye vinanda vingi vya Yamaha utaona kwenye kioo maneno manne: "Soft", "Medium", "Hard" na "Fixed". Wengi hudhani kwamba "Soft" inavifanya vibonyezo viwe vyepesi, na "Hard" inavifanya viwe vigumu. Sivyo. Kibonyezo hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni hesabu ya ndani, yaani kasi kiasi gani izae sauti kubwa kiasi gani. Ukiweka "Soft", kidole kikishuka kwa kasi ndogo tu, tayari sauti ni kubwa. Ukiweka "Hard", sauti kubwa haitoki mpaka kidole kishuke kwa kasi hasa. "Medium" ni ya katikati, ndiyo ya kiwandani. "Fixed" ndiko kufunga. Kwenye vinanda vya Roland na Kawai utakuta maneno ya "Light" na "Heavy", yaani nyepesi na nzito, nayo yanafuata hesabu hiyohiyo: nyepesi hutoa sauti kubwa kwa juhudi ndogo, nzito hudai juhudi zaidi. Vinanda vya bei ya chini kabisa havina tachi kabisa, na ni vizuri kamati iulize kabla ya kutoa fedha.

Kutokana na hayo, kanuni yake ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tano. Mpigaji mwenye mkono wa kasi na nguvu awekewe "Hard", ili apate nafasi pana ya kupanda na kushuka pasipo sauti kufoka. Mtoto, au mzee mwenye vidole dhaifu, awekewe "Soft", ili asikike. Wengine waanze na "Medium". Kubadilisha kunachukua nusu dakika. Basi kwa nini watu wafunge?

Nitaeleza lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ilipofika Kasulu, tukaanza kuagana na majenereta ya dizeli, na kwaya nyingi zikapata ari ya kununua vinanda. Kwaya moja ya huku, ambayo sitaitaja, ilichanga kwa miezi mingi. Akina mama waliuza maharage, vijana walilima vibarua kwenye mashamba ya kahawa, kinanda kikapatikana. Wakamwalika mwalimu kutoka mjini aje awafundishe kwa wiki mbili. Miongoni mwa waliojitokeza alikuwamo kijana wa miaka 17, mkulima, ambaye nyimbo zote za kwaya ile alizijua kwa sauti zote nne bila karatasi. Kila alipopiga, kinanda kilifoka na kuwafunika waimbaji. Yule mwalimu alivumilia siku tatu, siku ya nne akamwambia mbele ya wenzake kwamba mikono ya jembe haifai kwa kinanda, aende kwenye ngoma. Kisha akaifunga tachi ili jambo hilo lisimsumbue tena.

Kijana alipokuja kwangu aliniamkia, tukakaa, akaniambia, "Mzee, mwalimu kasema mikono yangu imeshaharibika." Baadaye binti mmoja anayepiga kinanda kilekile, ambaye alikuwapo siku zile na ni mwepesi wa kutazama, alinieleza kwamba kabla ya tachi kufungwa, kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa "Soft". Yaani mkono wenye nguvu kuliko yote katika kwaya ile ulikuwa umewekewa daraja la vidole vya mtoto mchanga! Kinanda kingefanya nini kama si kufoka? Dawa ilikuwa hatua mbili kwenye kitufe kimoja. Badala yake kijana akaondolewa. Leo anaendesha bodaboda Kasulu, na kinandani hakurudi. Kazi ya bodaboda ni kazi ya halali na siidharau, lakini kwaya ile ilimpoteza mwanamuziki wake bora kwa kukosa kufungua kitabu.

Na usemi ule wa mikono ya jembe uliniudhi kuliko yote. Kizazi changu kilifundishwa Elimu ya Kujitegemea tangu ilipotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na kiini chake kilikuwa kwamba shule isimtenge mtoto na shamba wala isimfundishe kudharau kazi ya mikono. Huku kwetu mikono yote ni ya jembe. Ya padri ilianza na jembe, ya daktari ilianza na jembe, na hii inayoandika ilianza na jembe. Kama mikono hiyo haifai kwa kinanda, basi tuvirudishe vinanda vyote dukani.

Najua majibu watakayonipa, kwa kuwa nimeyasikia. La kwanza ni kwamba kinanda cha kanisani hakikuwa na tachi tangu zamani. Hilo ni kweli, na hapa ndipo ninapokiri haki ya kufunga. Kinanda cha mabomba hufungua mlango wa hewa tu, kidole kikigonga kwa nguvu hakiongezi kitu. Kinanda cha kukanyaga tulichojifunzia chuoni nacho kilipata nguvu ya sauti kutoka miguuni, kwa jinsi ulivyosukuma hewa, si vidoleni. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, inakipa kinanda cha mabomba heshima kubwa, ingawa inaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa ibada. Kwa hiyo ukichagua sauti ya kinanda cha mabomba kwenye chombo chako cha umeme, ifunge tachi, umefanya sawa. Lakini ukichagua sauti ya piano, au ya gitaa, au ya marimba, hoja hiyo inakufa. Isitoshe, mpiga kinanda cha mabomba ana njia nyingine za kupandisha na kushusha sauti, na mpiga kinanda cha kukanyaga ana miguu. Ninyi mmeifunga tachi na kanyagio hamkununua. Mpigaji abakiwe na nini?

Abakiwe na kitufe cha sauti. Yule binti niliyemtaja, kwaya inapofika kwenye ubeti wa kuimba taratibu, hulazimika kuondoa mkono wa kushoto kwenye besi, ashushe sauti kwa kitufe, kisha arudi kuitafuta besi. Ijumaa Kuu nilimhesabu amefanya hivyo mara sita katika wimbo mmoja. Mara mbili besi ilirudi pasipo mahali pake, na wanaume wakapotea naye. Lawama ilimwendea yeye.

La pili, wanasema tachi ikifunguliwa sauti haiwi sawa, noti moja inasikika na nyingine haisikiki. Nakubali kwamba mwanafunzi husikika hivyo miezi ya mwanzo. Lakini huo ndio ugonjwa wenyewe unaotakiwa kuonekana ili utibiwe. Kidole cha nne ni dhaifu kwa kila binadamu, na kitaimarika tu kama mwenyewe atausikia udhaifu wake. Tachi iliyofungwa inauficha udhaifu huo kama shati jipya linavyoficha upele. Mpigaji aliyefundishwa miaka mitatu kwa namna hiyo, siku akikutana na piano halisi mahali pengine, ataaibika mbele za watu.

La tatu ni kwamba kinanda chenyewe ni kibovu, baadhi ya vibonyezo hufoka hata vikiguswa kwa upole. Hili huwa ni kweli mara nyingine, hasa baada ya kiangazi na vumbi lake jekundu. Vumbi likiingia kwenye zile swichi za mpira, kinanda hukosea kupima muda, na noti moja hutoka kwa kishindo au haitoki kabisa. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kubadilisha daraja la tachi. Unatibiwa na fundi, kwa kufungua na kusafisha, na unazuiwa kwa kitambaa cha kufunikia. Jinsi ya kutofautisha ni rahisi: kama vibonyezo vyote vinafoka, tazama tachi, na kama ni kimoja au viwili tu, mwite fundi.

Kwa hiyo nawapa walimu wa kwaya utaratibu ambao hauhitaji fedha. Kwanza, kabla ya kugusa tachi, rekebisheni spika. Mara nyingi spika imefunguliwa kupita kiasi, sauti inapasuka, halafu mkono ndio unaolaumiwa. Pili, mkae na mpigaji, achague wimbo anaoujua, aupige ubeti wa kwanza kwa upole kabisa na wa mwisho kwa nguvu zake za kawaida, pasipo kujilazimisha. Kama ubeti wa upole nao una kelele, pandeni kuelekea "Hard". Kama ubeti wa nguvu hausikiki, shukeni kuelekea "Soft". Tatu, muweke mwimbaji mmoja wa sauti ndogo asimame kando aimbe, na mpigaji atakiwe asimfunike. Nne, daraja lililopatikana liandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la mpigaji, na karatasi igundishwe mgongoni mwa kinanda. Hili la nne lisidharauliwe, maana vinanda vingi vikizimwa husahau na kurudi kwenye daraja la kiwandani, na umeme wetu tunaujua tabia yake. Wapigaji wakipokezana katika ibada moja, kila mmoja aweke daraja lake kabla ya kuanza, kama madereva wawili wa basi moja wanavyorekebisha kiti.

Kwa wajumbe wa kamati ninalo neno moja. Kabla hamjatangaza mchango mwingine kwa ajili ya kinanda kipya, na kabla hamjamwambia mama mjane auze debe jingine la maharage, tafuteni kitabu cha maelekezo cha kinanda mlicho nacho, mkisome mpaka kwenye ukurasa wa tachi. Kikiwa kimeliwa na mchwa, ombeni nakala kwa aliyewauzia.

Na kwa walimu wenzangu, walio kazini na tuliostaafu: anayeandikiwa 64 kila siku hatimaye huacha kujaribu, kwa sababu juhudi yake na uzembe wake vina jibu moja. Kijana akifika mbele ya kinanda na sauti ikafoka, ulizeni kwanza kinanda kimewekwaje, kisha ndipo muulize mkono. Fungueni tachi, wekeni daraja linalomfaa, mwacheni apige.